Nilivyokwenda Fort Ternan Kumwita Rono

Tarehe kumi na nne Februari, asubuhi, mume wangu Rono alifariki nyumbani kwetu Sigor. Alikuwa amekunywa chai nusu kikombe. Tulimzika kando ya zizi, mahali alipochagua mwenyewe. Ninaandika haya kwa sababu ninyi akina mama mliokuja kukaa nami siku za matanga mmeniuliza mara nyingi safari ya Fort Ternan ilikwendaje, na kila nikianza kusimulia mtu ananikatiza kabla sijafika Litein. Sasa someni yote.

Mwezi wa nne mwanangu Kibet alipiga simu kutoka Fort Ternan, anakoendesha trekta ya miwa. Mkewe Chelangat alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kwa wale ambao si Wakipsigis, nieleze kidogo. Mtoto wetu akizaliwa, wanawake wazee hukaa naye wakataja majina ya wafu wa ukoo wa baba, moja baada ya jingine. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Siku hizi wengi wameacha, lakini nyumbani kwetu hatujaacha.

Kibet alisema mchungaji wa huko angembariki mtoto Jumapili na kumpa jina la Kizungu, kwa hivyo majina ya ukoo yangetajwa Jumamosi mchana.

"Mama, kuja wewe mwenyewe," aliniambia. "Wamama wa huku hawamjui baba. Watamruka."

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nilitaka Rono aitwe, na aitwe na mtu anayemjua. Nikifika Jumapili nisingekuwa na kazi. Na wiki hiyo magari ya abiria ya upande wetu yalikuwa yamegoma, kwa hivyo ilibidi nisafiri na mizigo ya watu.

Sigor hadi Kaplong, pamoja na maziwa

Alhamisi alfajiri nilipanda pikapu inayokusanya maziwa. Dereva aliniweka mbele, akaniambia tutafika mapema. Sikujua kwamba pikapu ya maziwa husimama kila penye mti wenye kopo la maziwa chini yake. Tulisimama kwa mama aliyekuwa bado anakamua. Tukasimama kwa mwingine aliyekuwa anamtafuta ng'ombe.

Karibu na Kyogong walitia kipimo kwenye maziwa ya mama mmoja, wakaona yana maji. Mama yule alikuja juu.

"Maji imetoka wapi? Ng'ombe yangu imenyeshewa usiku kucha, nyinyi mnataka maziwa ikauke?"

"Mama, mvua haiingii kwa ng'ombe," dereva alimwambia.

"Wewe umewahi kuwa ng'ombe?"

Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, lakini maziwa hayakupokelewa. Alinipa kikombe kimoja ninywe. Yalikuwa na maji kweli, ila si mengi.

Nilipokuwa msichana hatukuuza maziwa. Yalikuwa ya ndama, ya watoto na ya kuweka kwenye kibuyu yagande, yawe mursik. Sasa mtu anaamka gizani ili tangi la chuma lisimpite. Nilimwambia dereva hivyo, naye akasema bila tangi hilo asingekuwa ameoa.

Kaplong hadi Kericho, pamoja na majani

Pale Kaplong nilipata lori la majani ya chai la kiwanda cha wakulima wadogo. Dereva alikataa kwanza, akisema lori si la watu. Nilimweleza kuhusu mtoto. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Kogo, panda. Lakini usikalie majani." Kogo ndivyo vijana wetu wanavyomwita nyanya.

Kabla ya Litein tulisimama kwenye kituo cha kununulia majani, na hapo tukakwama. Mizani ilikuwa imeharibika. Akina mama walikuwa wamemwaga chai yao juu ya meza ndefu, wakichambua na kutupa majani magumu, kwa sababu kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi tu. Nilikaa nao nikasaidia kuchambua. Walinipa githeri, yale mahindi na maharagwe, na chai ya maziwa, wakaniuliza habari, nikawaambia ninakokwenda.

Mmoja wao, mama mnene aliyevaa gambuti za mpira, aliacha kuchambua.

"Mzee amekufa lini?"

"Februari."

"Na unataka kumwita sasa? Huyo bado mbichi! Hata barabara ya huko hajaijua."

Niliweka githeri chini. Hilo sikuwa nimelifikiria. Wengine wakaanza kubishana. Mmoja alisema kwao ni lazima mwaka upite. Mwingine akasema shangazi yake aliitwa kabla ya matanga kuisha, akaja mbio. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya gunia, ndiye aliyewanyamazisha.

"Mwacheni aite. Akiwa tayari atakuja. Kama si tayari, atakaa. Kwani analazimishwa?"

Mizani ilitengenezwa alasiri. Litein nikashushwa kiwandani, na pale nikapata lori lililokuwa limeleta kuni za kuchomea majiko ya kukaushia chai, likirudi tupu kwenda Kericho. Nilikaa mbele na turnboi, utingo wa lori, aliyelala njia nzima akiniegemea begani. Sikumwamsha. Tangu Februari hakuna mtu aliyekuwa ameniegemea.

Kambini, mahali tulipoishi

Niliomba wanishushe nje ya Kericho, kwenye barabara ya shamba la chai ambako Rono alifanya kazi tangu ujana wake. Nilitaka kulala kwa Moraa, jirani yangu wa zamani, Mkisii, ambaye bado anafanya kazi pale. Langoni askari wa kampuni alinizuia. Baadaye nilielewa kwamba siku chache kabla kulikuwa na watu waliokuja kupinga mashine za kuchuna chai, na wakubwa walikuwa na wasiwasi.

"Mama, umetumwa na nani?"

"Na mjukuu wangu."

"Anafanya kazi idara gani?"

"Hajaanza kazi. Amezaliwa juzi."

Askari aliandika kitu kwenye daftari lake. Akauliza kwenye mfuko kuna nini. Nikamwonyesha shuka, kibuyu cha mursik na nguo za mtoto nilizofuma. Alipiga simu kwa mtu, akaeleza, akasikiliza. Kisha akafungua lango, akasema, "Mkubwa anasema hongera."

Moraa alinikumbatia, akanisukuma ndani, akanipikia ugali na chinsaga, mboga ile chungu ya kwao. Aliipika na maziwa, kama nilivyokuwa nikiipenda. Tulikula, ndipo akalia kidogo, nami nikalia kidogo, kisha tukaendelea kula.

Asubuhi yake alinipitisha kambini. Nyumba ni zilezile, za mawe na mabati, mstari kwa mstari. Lakini nyingi zimefungwa. Mahali ambapo watoto walikuwa wanacheza mpira nyasi zimefika magotini. Shambani niliona mashine. Wanaume wawili wanaishika huku na huku, wanapita nayo juu ya chai kama watu wanaobeba kitanda, na nyuma majani yanajaa kwenye mfuko mrefu. Palipohitaji akina mama thelathini, sasa wako wachache. Moraa anatembea nyuma akiokota vijiti.

"Naokotea mashine takataka," alisema. "Zamani kijana alikuwa anaokotea mimi."

Rono alikuwa mmoja wa wanaume wa kwanza kuishika mashine hiyo. Kabla ya hapo alichuna kwa mikono, na kikapu mgongoni, miaka mingi. Walipochagua wa kubaki, walimchagua yeye kwa kuwa alikuwa mrefu na mwenye nguvu. Nyumba ya kulia kwetu ikahama, ya kushoto ikahama. Sisi tulibaki, tukasomesha Kibet. Rono hakupenda kuizungumzia mashine, wala kuisema vibaya. Jioni aliingia na mikono ikitetemeka bado, akaniomba nimshikie kikombe.

Kutoka pale kambini unaona kilima kilichojaa chai mpaka juu. Babu yake Rono aliitwa Keya na kila mtu, kwa sababu aliwahi kuwa Keya, jeshi lile la Waingereza la watu weusi. Walimchukua akiwa kijana, wakampeleka kupigana kwenye misitu ya Asia, mbali sana. Aliporudi na koti lake na buti zake, alikuta kilima alichokuwa akichungia ng'ombe kimepandwa chai. Aliuliza ng'ombe wapite wapi, akaambiwa wapite barabarani. Mwanawe, arap Chumba, ambaye ndiye baba mkwe wangu, alichuna chai ya kilima hichohicho. Kisha Rono akaichuna, kwanza kwa mikono, halafu kwa mashine. Nimekiona kilima kile miaka mingi nikianika nguo, lakini Ijumaa ile ndiyo mara ya kwanza nilisimama nikakiangalia. Moraa aliniuliza kama nimechoka. Nikasema hapana, tuende.

Chepseon, mvua na ugoro

Moraa alinipatia nafasi kwenye lori lililokuwa likienda kuchukua kabichi na viazi Chepseon. Tulifika vizuri, kisha mvua ikaanza. Mvua ya Chepseon haina mzaha. Soko zima lilikimbilia chini ya mabati, na barabara ya kushuka Kipkelion, watu wakasema, imefunikwa na udongo mahali. Hakuna aliyekuwa anashuka. Ilikuwa Ijumaa mchana, na mimi nilikuwa na muda mpaka Jumamosi mchana.

Nilijibanza kwenye kibanda cha mama mmoja Mkikuyu, Mama Wanjiru, anayeuza viatu vya mitumba, chumvi na vitu vidogovidogo. Niliona kopo la ugoro nikakumbuka kwamba sina. Ugoro kidogo karibu na pua ndio unaomsaidia mtoto kupiga chafya.

"Nipe ugoro kidogo."

Akaangalia msalaba wangu shingoni. "Mama wa kanisa, na ugoro?"

"Si wangu. Ni wa mtoto."

"Wa mtoto!" Aliweka mikono kiunoni. "Nyinyi Wakipsigis mtatuua na maajabu."

Nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa. Halafu akaniuliza kwa makini, jambo ambalo sikutarajia.

"Huyu mtoto ni wa kwanza?"

"Ndiyo, kijana wa kwanza wa mwanangu."

"Sasa kwetu hiyo ni rahisi. Kijana wa kwanza anaitwa baba ya baba yake. Imekwisha. Hakuna mtu anauliza mtoto maoni. Kwetu huyo tayari ni Rono, tangu tumboni."

Nilitamani sana kuwa Mkikuyu mchana ule. Aliona uso wangu, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akanipa na kiazi cha kuchemsha.

"Lakini yenu pia ni nzuri," alisema. "Yetu mzee hana nafasi ya kukataa."

Mvua haikuacha. Mama Wanjiru alinipeleka kwake, nikalala na binti zake kwenye kitanda kimoja, vizuri kabisa. Asubuhi akakataa kabisa nimlipe ugoro.

Kipkelion hadi Fort Ternan, kwa pikipiki na kwa miguu

Jumamosi jua liliwaka. Nilipata kijana wa pikipiki aliyekubali kushuka. Udongo ulikuwa umefunika barabara kweli, tukapita pembeni kwenye shamba la mtu, na mwenye shamba akatoka akapiga kelele, kisha akasaidia kusukuma. Baada ya Kipkelion gurudumu la nyuma likaisha upepo. Kijana alijikuna kichwa.

"Kogo, hapa si mbali. Ukifuata reli huwezi kupotea."

Nikafuata reli. Waingereza walipoijenga walitaka kufika ziwani na kuondoka na walichokitaka, na Fort Ternan yenyewe ina jina la ofisa wao mmoja. Sasa treni hupita mara chache. Mbuzi wanakula katikati, wanawake wanaanika mahindi kwenye mawe yake, na mimi nilitembea juu ya mataruma nikiwa na mursik kichwani, nikihesabu majina kimoyomoyo nisije nikasahau mtu. Kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka, na chini unaona miwa. Nilivua sweta. Sitasema sikuogopa. Jua lilikuwa limeshapita katikati.

Kibet alinikuta njiani akiwa na trekta. Yule kijana wa pikipiki, niliyekuwa nimempa namba yake, alimpigia simu. Aliruka chini, akanishika mikono, na kwa dakika moja sura yake ilikuwa ya baba yake kabisa.

"Hawajaanza?" nilimwuliza.

"Wameanza kula. Nimewaambia bila wewe hakuna kuita."

Fort Ternan, ndani ya nyumba ya Kibet

Ndani kulikuwa na Chelangat na mtoto, mama yake Chelangat, na majirani wawili wazee. Nilinawa, nikampokea mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Mama yake Chelangat, ambaye ni mtu wa vichekesho, aliniambia nimechelewa, mtoto alishapiga chafya jana.

"Kwa jina la nani?" niliuliza haraka.

"Redio ilikuwa inasoma habari. Ikataja waziri, huyu akapiga chafya kubwa! Tumeogopa. Tumezima redio."

"Waziri bado yuko hai," jirani mmoja alisema. "Hiyo haihesabiwi."

"Asante Mungu," Chelangat alisema kutoka kitandani. "Singenyonyesha waziri."

Tulicheka wote, kisha nyumba ikatulia. Chelangat aliomba nisimjaze mtoto ugoro, nikakubali. Nilipaka kidogo tu kwenye ncha ya kidole, nikakipitisha karibu na pua yake.

Niliita, "Rono."

Mtoto akanitazama. Macho yake yalikuwa bado hayajui kutazama, lakini yalinitazama. Nikaita tena, kama desturi inavyoruhusu. "Rono. Baba Kibet. Umekuja?" Akapiga mwayo.

Niliita arap Chumba, baba mkwe wangu. Hakuna kitu. Mtoto alikunja uso kama anataka kulia.

Nikaita, "Keya."

Akapiga chafya. Akapiga tena. Wazee wakapiga vigelegele, mama yake Chelangat akaanza kucheza pale pale na kikombe mkononi.

Kibet hakufurahi. Aliinama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, rudia ya baba. Mara ya kwanza ugoro ilikuwa haijamfika. Rudia mara moja tu."

Alisema kweli kuhusu ugoro. Pua ya mtoto ilikuwa imeshaamka, na kidole changu bado kilikuwa na unga. Ningekipitisha tu na kusema Rono, angepiga chafya, na hakuna mtu pale ambaye angenipinga. Wote walikuwa wananingoja. Hata yule jirani aliyepiga vigelegele alikuwa ameinua mkono tayari kupiga vingine.

Niliomba maji. Nikaosha kidole.

"Ni Keya," nilisema. "Amekuja kabla ya wote. Mkaribisheni."

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe karibu na trekta. Nilikuwa na huzuni, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimemleta Rono njia yote hiyo, juu ya maziwa, juu ya majani, kwa miguu kwenye reli, na hakuingia. Kibet akanifuata, akakaa chini.

"Umekasirika?"

"Hapana."

"Huyu Keya alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikaanza kumweleza. Rono alinisimulia kwamba babu yake, hata akiwa mzee, aliwapanga wajukuu mstari asubuhi na kuwapeleka mtoni kuteka maji kwa mwendo wa jeshi, kushoto, kulia, na aliyekosea mguu alirudia kutoka nyumbani. Rono alikuwa anakosea kila siku. Alimwogopa mzee yule kuliko chui. Alipokuwa mtu mzima, na watoto, akisikia mtu anakohoa kama Keya alikuwa anasimama wima.

Kibet alianza kucheka. "Kwa hivyo baba angekuja leo, angemkuta yuko hapa tayari?"

"Angerudi mbio Sigor."

Tukacheka wawili mpaka mama yake Chelangat akatoka kuangalia kuna nini. Alituletea kuku na ugali wa wimbi, tukala palepale. Nilikula sana. Tangu Februari sikuwa nimekula hivyo.

Jumapili mchungaji alimbariki mtoto na kumwita Ezra. Jina la Ezra ni la shule na hospitali. Nyumbani wote walimwita Keya kuanzia siku ile, na mimi nilipombeba kuaga nilimwambia kilima chake bado kipo, kina chai, na barabara ya ng'ombe ni ileile. Alikuwa amelala.

Kurudi nyumbani

Mgomo uliisha Jumatatu, nikarudi kwa basi kama mtu wa kawaida, na hakuna lililotokea la kusimulia ila niliketi karibu na dirisha.

Jioni nilifika Sigor. Jirani yangu aliyekuwa akiniangalizia ng'ombe alikuwa amewasha moto na kuweka maziwa jikoni. Alinisalimu, akapokea mfuko, akasubiri nikae. Ndipo akauliza.

"Haya. Amerudi?"

"Bado," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea chai, kikombe kizima, nami nikainywa yote.